Unga wa lishe wa vitu kumi na mbili: kwa nini mtoto anakunywa kila siku na mstari wa kadi haupandi?

#1 KikombeChaBati
Wakuu, habari za jioni.

Naomba hili tulichambue kwa kina. Kila mtaa sasa kuna mtu anauza unga wa lishe, na kwenye makundi ya akina mama orodha inazidi kurefuka: mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele, ngano, shayiri, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, dagaa. Mtoto wa miezi tisa, kumi, anapewa asubuhi na jioni, lakini ukifungua kadi ya kliniki mstari wa uzito umelala. Mama akiuliza anaambiwa "badilisha unga". Anaongeza korosho na lozi. Mwezi unaofuata mstari uko palepale.

Hoja yangu ni hii: kurefusha orodha kunamwongezea mtoto kidogo sana, na pengine kunampunguzia. Wenye kujua lishe, upishi, mashine na mazao, leteni maelezo. Tatizo liko kwenye mchanganyiko, kwenye sufuria, kwenye nafaka yenyewe, au hata haliko kwenye uji?

#2 NesiWaMizani
Mleta uzi, kabla ya kuugusa mchanganyiko, pima unga unaoingia kwenye sufuria.

Wengi wanaweka vijiko vitatu vya chakula kwenye lita nzima ya maji ili uji "usimkabe mtoto". Kijiko cha unga kilichosawazishwa kina kama gramu 10, kwa hiyo hapo kuna gramu 30. Unga wa nafaka una takribani kilokalori 350 kwa gramu 100. Piga hesabu: lita nzima ya uji ina kilokalori 105.

Sasa tumbo la mtoto. Linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 akishiba amekunywa mililita 240, na ndani yake kuna kilokalori 25. Wakati mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya vizuri anahitaji kama kilokalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula cha ziada. Hata akinywa mara nne hajafika hata nusu. Na mbaya zaidi, tumbo limejaa maji kwa hiyo ziwa analikataa.

Hapo unaweza kuweka vitu kumi na mbili au ishirini, hesabu ni ileile.

#3 Mzaramo_Halisi
Sista umemaliza uzi kwenye jibu la pili. Moderator funga.

#4 FundiLishe
Asifunge. Sista yuko sahihi kwenye hesabu, ila ukimwambia mama "ongeza unga" anarudi na kilio kingine: uji umekuwa kama ugali, mtoto hawezi kumeza. Wanga ukipata joto unavimba na kushika maji mengi sana. Gramu 60 au 70 kwa lita tayari uji unajikokota kwenye mwiko. Ukifika gramu 150 unasimamisha kijiko. Ndiyo maana akina mama wanazimua.

Dawa yake ni ya zamani na wazee wanaijua: kimea. Taasisi ya Chakula na Lishe iliihimiza tangu miaka ya 1980 na leo imesahaulika kwa sababu haina muuzaji wa kuitangaza. Namna ya kuandaa:

Chambua ulezi, osha mpaka maji yawe meupe, loweka usiku kucha, saa 12 zinatosha. Mwaga maji, tandaza kwenye kitambaa safi au gunia lililochemshwa, funika, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili hadi tatu umechipua. Anika juani mpaka ukauke kabisa, fikicha kwa mikono, pepeta mikia itoke, saga. Ukiona utando wa ukungu wa kijani au mweusi wakati wa kuotesha, mwaga wote, usichague uzuri wake.

Kutumia: pika uji mzito kabisa, mzito kuliko anavyokunywa mtoto. Epua. Koroga dakika tano hadi kumi mvuke upungue, ufike kama nyuzi joto 60. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe cha uji, koroga. Utauona kwa macho unalegea ndani ya dakika chache, kijiko kilichokuwa kinasimama kinaanguka, na unga ni uleule. Kisha rudisha jikoni uchemke tena kidogo, maana kimea kibichi kina vijidudu vya wakati wa kuotesha.

Wanaoshindwa hukosea sehemu mbili. Wanatia kimea uji ukiwa unatokota, vimeng'enya (vile vya kwenye kimea vinavyovunja wanga na kuulegeza uji) vinakufa papo hapo na uji haulegei. Au wanakikaanga kimea kabla ya kusaga ili kinukie vizuri, matokeo ni yaleyale.

#5 Bint_Ukerewe
FundiLishe asante. Mtama je? Kwetu ulezi haupatikani kirahisi, mtama upo tele.

#6 FundiLishe
Mtama unafanya kazi ila kwa tahadhari. Chipukizi na mizizi ya mtama ina kitu kinachotoa sumu ya sianidi. Kikaushe vizuri, fikicha mpaka mikia yote itoke, na uji uchemke ukiwa wazi baada ya kulegea. Kwa mtoto mdogo mimi ningetafuta ulezi. Mfuko mdogo tu unakaa muda mrefu kwa sababu unatumia kijiko kwa kijiko.

#7 WanjaWaNyeri
Huku kwetu Kenya tunaotesha wimbi hivyo hivyo. Lakini kuna njia nyingine, kuchachusha. Unga unakorogwa na maji, unaachwa siku moja au mbili, ndipo unapikwa. Uchachu unapunguza kile kitu cha kwenye maganda ya nafaka kinachofunga madini ya chuma na zinki. Mbona hamkutaja?

#8 Mzaramo_Halisi
Dada wa Nyeri karibu jukwaani, umekuja na wimbi wakati sisi tunaongelea ulezi. Ni kitu kilekile wakuu, msije mkafungua uzi mwingine.

#9 KemiaYaJikoni
Wanja amegusa ninachotaka kusema, na hapa natofautiana na #2. Kilokalori zikitimia bado mtoto anaweza kubaki bila damu ya kutosha.

Hicho kinachofunga madini kinaitwa faiteti. Kipo kwenye pumba ya mahindi, kwenye soya, kwenye maharage, kwenye ufuta, kwenye mbegu za maboga. Sasa tazama orodha ya mleta uzi. Karibu kila kinachoongezwa "kuimarisha" unga kinaleta madini kidogo pamoja na kufuli lake. Kwenye karatasi chuma kinaonekana kingi, kinachoingia mwilini ni kidogo.

Halafu hizi nafaka saba. Watu wanadhani mahindi yakikosa kitu mtama utajaza. Nafaka zote, mchele, ngano, uwele, mahindi, zina upungufu mmoja: laisini, sehemu ya protini ambayo mtoto anaihitaji akue. Kuchanganya nafaka na nafaka hakuzibi pengo hilo. Linazibwa na jamii ya kunde, ambayo nayo ina pungufu lake ambalo nafaka inalijaza. Kwa hiyo nafaka moja na kunde moja, vipimo vinne kwa kimoja, vimekamilishana. Cha tatu hadi cha kumi na mbili ni mbwembwe na gharama.

Kupunguza faiteti: kuloweka, kuotesha, kuchachusha. Na mpe mtoto chungwa, embe au juisi ya ubuyu pamoja na mlo, vitamini C inasaidia chuma kupita. Chai iondoke kabisa kwenye meza ya mtoto, hata ya maziwa. Inazuia chuma.

#10 BabaWaPacha
Swali kwa #9. Soya si ndiyo kunde bora? Wauzaji wanasaga mbichi, wanasema kuichemsha inapoteza protini.

#11 KemiaYaJikoni
Hao wanaharibu watoto wa watu. Soya mbichi ina kizuizi cha kimeng'enya kinachomeng'enya protini tumboni. Mtoto anaharisha, anajaa gesi, na protini inatoka kwenye nepi. Kukaanga juu juu hakutoshi kwa sababu joto kavu haliingii vizuri mpaka katikati ya punje.

Chambua, weka kwenye maji yanayochemka tayari, chemsha dakika 20 hadi 30, mwaga maji, fikicha maganda yatoke, anika mpaka ikauke kabisa, ndipo ukaange kidogo na kusaga. Ukitia kwenye maji ya baridi na kuyapasha taratibu inabaki na ladha ile ya majani mabichi watoto wanayoikataa.

Maharage mekundu ni hatari zaidi. Yana sumu ambayo uji wa dakika tano hauiondoi. Yakipata joto lisilofika kuchemka yanaweza kudhuru kuliko yakiwa mabichi kabisa. Mtu asisage maharage mabichi kwenye unga wa mtoto. Yaloweke saa tano au zaidi, mwaga maji, yatokote kwa nguvu nusu saa na uendelee mpaka yaive, ndipo uyaponde ndani ya chakula.

#12 MasheMashine
Nasoma kimya, sasa naongea kama mwenye mashine.

Moja, karanga na ufuta vikiingia peke yake kwenye kinu cha nyundo, mafuta yanaziba matundu ya chekeche na unga unatoka umeungua. Ndiyo maana mafundi wanawaambia mchanganye na mahindi. Ukishachanganya, yale mafuta yako ndani ya unga wote na unga unaanza kuchacha ndani ya wiki chache, hasa Dar na Tanga kwenye joto. Ule uchungu kwenye ulimi ndio huo. Karanga saga kwako kwenye kinu cha mbao au blenda, kidogo kidogo, weka chupa yake, tia kijiko wakati wa kuepua.

Pili, na hili hakuna anayelisema: ulizeni kabla yenu kimesagwa nini. Mashine nyingi zinasaga pia chakula cha kuku. Mashudu, chokaa, dagaa wa kuku wenye mchanga, mahindi yaliyooza. Mabaki yanabaki kwenye chumba cha nyundo na kwenye mfuko. Mwombe fundi apitishe kilo moja au mbili za mahindi safi kwanza, hizo usimpe mtoto, ndipo zako. Au nenda asubuhi kwenye mashine ya sembe tu.

Tatu, unga unatoka wa moto. Ukiufunga kwenye mfuko wa nailoni hapohapo unatoa jasho ndani. Utandaze upoe kwanza.

#13 NesiWaMizani
#12 hiyo ya chakula cha kuku nimeichukua, sijawahi kuisikia ikitajwa kwenye somo la akina mama.

#14 BwanaShamba_Kati
Mmezunguka sana bila kulitaja jitu lenyewe. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mazao.

Mwaka 2016 watu 68 waliugua Dodoma na Manyara na 20 wakafa, wengi watoto, kwa mahindi waliyolima na kuhifadhi wenyewe. Hiyo ilikuwa sumu nyingi kwa mara moja. Ile ya kidogo kidogo kila siku haina dalili. Inashambulia ini na wapo wanaoihusisha na mtoto kudumaa. Na vyakula vinavyoongoza kwa kuibeba ni mahindi na karanga. Yaani nguzo mbili za unga wa lishe. Kila unapoongeza aina ya karanga au mbegu bila kujua imetoka ghala gani, unaongeza mlango wa sumu.

Kuchemsha hakuiondoi. Kukaanga kunaipunguza, lakini hakuimalizi. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla yake, huwezi kuiona wala kuionja.

Kinachosaidia ni kazi ya mikono. Chambua punje moja moja: iliyovunjika, iliyotobolewa, iliyobadilika rangi, nyepesi, yote nje. Karanga iliyosinyaa au yenye doa la kijani au la kahawia, nje, na usimpe kuku. Koboa mahindi kabla ya kusaga maana sumu nyingi iko kwenye pumba na kiini. Usianike chini kwenye udongo, tumia turubai.

Kujua kama yamekauka: chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa nguvu dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda bado ongeza siku ya jua, tunataka asilimia 13 na nusu. Kisha weka kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu, kila tabaka lifungwe peke yake.

#15 WanjaWaNyeri
Kwetu Makueni na Kitui mwaka 2004 ilikuwa mbaya zaidi. Waliougua 317, waliokufa 125. Mahindi yalivunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu ndani ya nyumba.

#16 KemiaYaJikoni
Bwana Shamba, kukoboa umesema sawa kwa sumukuvu, na faiteti nayo inapungua. Lakini ukikoboa unatoa pia vitamini B na sehemu kubwa ya madini. Mama anayeishi kwa uji na ugali mtupu akihamia sembe anapoteza kingine. Na kuhusu kudumaa tuwe waangalifu. Utafiti wa Benin na Togo uliotoka 2002 ulikuta watoto wenye sumukuvu nyingi kwenye damu ni wafupi. Ila watoto haohao ndio walioachishwa ziwa mapema na kulishwa mahindi zaidi. Kipi kimewadumaza?

#17 BwanaShamba_Kati
Mkuu, hata kama kudumaa kunabishaniwa, saratani ya ini haibishaniwi. Mimi namkobolea mtoto. Vitamini B ataipata kwenye maharage, njegere, na mboga.

#18 KemiaYaJikoni
Kama hiyo mboga ipo mezani, sina ubishi. Mara nyingi haipo.

#19 Daktari_Mstaafu_Tosa
Naomba kusahihisha jambo. Mleta uzi ameandika mstari haupandi, wengine mmejibu kuhusu kudumaa. Hayo ni mambo mawili. Kadi ya kliniki inaonyesha uzito kwa umri. Udumavu ni urefu kwa umri, unapimwa kwa kibao, na kliniki nyingi hazipimi kila mwezi. Mtoto anaweza kuwa mnene kidogo na amedumaa. Mwingine mstari umelala kwa sababu alikuwa na homa wiki tatu, urefu wake uko vizuri kabisa.

Iringa ni mfano. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu asilimia 57 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, taifa zima likiwa asilimia 30. Iringa inalisha mikoa mingine. Mahindi yapo, maharage yapo, viazi vipo. Nadharia ya "unga hautoshi" inakwama hapo. Mama yuko shambani kuanzia alfajiri, mtoto anabaki na dada yake wa miaka minane na kikombe cha uji wa asubuhi. Anakula mara mbili wakati umri huo anatakiwa ale mara tatu hadi nne na vitafunwa juu yake.

#20 Bint_Ukerewe
Tosa hapo kwenye kikombe cha asubuhi. Na kinakaa kwenye chupa ya chai mpaka jioni.

#21 NesiWaMizani
Chupa ya chai ni janga lake. Uji unaingia ukiwa wa moto, kufikia saa nane mchana umeshuka kwenye joto ambalo vijidudu vinaamka na kuzaana. Kuna aina yao inayoishi kwenye nafaka na kuchemsha hakuiui yote, mbegu zake zinabaki. Mtoto anatapika, mama anasema "uji wa soya haumpendi". Pika kidogo mara mbili. Kama lazima ukae muda mrefu, basi uwe umechachushwa, togwa. Uchachu ukipanda mpaka pH, yaani kipimo cha uchachu, ikashuka chini ya 4.5, vijidudu vingi vya kuharisha haviwezi kuota humo.

Na nyingine, chupa ya kunyonyea. Uji wa lishe haupiti kwenye tundu, kwa hiyo mama anapasha sindano moto na kulipanua, au anakata ncha ya chuchu kwa wembe. Ukiishika mkononi unaona utando mweupe umeganda kwenye mzingo wa ndani ya kizibo pale brashi haifiki. Hapo kuna uji wa jana na wa juzi. Na uji mzito hata tundu likipanuliwa haupiti, kwa hiyo anazimua. Tumerudi kwenye kilokalori 25. Kikombe na kijiko, tangu siku ya kwanza ya miezi sita.

#22 BabaWaPacha
Kwa hiyo ni usafi! Kuharisha ndiko kunakula virutubisho vyote. Tungejenga vyoo na kunawa mikono kwa sabuni watoto wangekua.

#23 KemiaYaJikoni
Ilidhaniwa hivyo. Majaribio makubwa yalifanyika magharibi mwa Kenya na Zimbabwe, matokeo yakatoka 2018 na 2019. Waliopewa vyoo, sabuni na dawa ya maji hawakukua kuliko wasiopewa. Waliopewa nyongeza ya lishe walikua kidogo, kidogo kweli. Kunawa mikono kuna faida zake nyingi, lakini kwenye urefu haikuonekana.

#24 Daktari_Mstaafu_Tosa
Wapo wanaosema usafi ule ulikuwa mdogo mno. Choo kimejengwa, lakini kuku wanalala ndani na mtoto anatambaa kwenye kinyesi chao na kuweka mkono mdomoni. Mpaka mtu ajaribu kumtenga mtoto na uchafu kwelikweli, mimi sifungi faili hilo.

#25 Mama_Vijiko
Nashangaa posti 24 na hakuna aliyetaja yai. Yai moja kwa siku kuanzia miezi sita. Ecuador walifanya utafiti, 2017, watoto waliopewa yai kila siku kwa miezi sita walikua wazi kabisa. Acheni soya.

#26 FundiLishe
Yai ni zuri na nalitetea. Ila jaribio hilo lilirudiwa Malawi, Mangochi kando ya ziwa, na urefu haukubadilika. Maelezo mojawapo ni kwamba watoto wa pale tayari walikuwa wanakula samaki. Ina maana yai linasaidia pale ambapo hakuna chochote cha mnyama. Kwa mtoto wa Mwanza anayekula dagaa, hutegemei miujiza.

#27 Bint_Ukerewe
Sasa mmefika kwangu. Dagaa ndiye yai la maskini, ila anaharibiwa kwenye maandalizi.

Wengi wanamsaga pamoja na nafaka. Mafuta yake yanaoza haraka, unga mzima unanuka na mtoto anaukataa. Saga peke yake. Nunua walioanikwa kwenye vichanja au nyavu, siyo mchangani. Waking'arika fedha na mgongo umenyooka ni wapya, wakiwa wekundu wa kutu mafuta yameshaharibika. Toa kichwa na utumbo kama ni wakubwa, hapo ndipo uchungu na mchanga ulipo. Suuza maji ya moto mara mbili haraka haraka, usiloweke. Anika mpaka akivunjwa alie "ka". Kaanga bila mafuta moto mdogo, twanga, chekecha kwa chujio la chai. Chupa kavu yenye mfuniko, tengeneza wa wiki mbili tu.

Kijiko kimoja cha chai kwa bakuli, kitiwe dakika kumi kabla ya kuepua ili kichemke.

Angalizo kwa watu wa pwani: dagaa wa Zanzibar huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Kwa mtoto chini ya mwaka chumvi hiyo ni nyingi. Tafuteni wa Mwanza au Kigoma wasio na chumvi.

#28 Mzaramo_Halisi
Mtu wa Ukerewe kasifia dagaa wa Mwanza. Nani angetegemea? Ila hiyo ya chujio la chai nimeielewa, mkewangu alikuwa anauliza mifupa.

#29 PilipiliManga
Samahani nikitoka nje kidogo ya mada. Unga wa majani ya mlonge je? Naambiwa unazidi maziwa kwa kalisiamu na machungwa kwa vitamini C.

#30 KemiaYaJikoni
Ulinganisho huo unapima gramu 100 za majani makavu na gramu 100 za maziwa. Hakuna mtoto anayekula gramu 100 za unga wa mlonge. Anakula nusu kijiko cha chai, gramu moja au mbili. Na vitamini C ikikaushwa juani inaondoka kwa sehemu kubwa. Kama mlonge upo uani, chuma majani mabichi, pika kama mchicha na tone la mafuta, mpe. Hauhitaji kununua kopo.

#31 PilipiliManga
Nimekupata. Na asali badala ya sukari?

#32 NesiWaMizani
Chini ya mwaka mmoja hapana kabisa. Asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachopoozesha misuli ya mtoto mchanga, na kuipika kwenye uji hakuziui.

#33 KikombeChaBati
Nawashukuru wote. Naona maelezo sita na kila moja lina mwenyewe: maji mengi, faiteti, sumukuvu, idadi ya milo, kuku uani, kukosa cha mnyama. Naomba mtu aandike bakuli moja la mtoto wa miezi tisa kwa vipimo, tulione.

#34 FundiLishe
Bakuli moja la robo lita. Mahindi yaliyokobolewa au ulezi, gramu 35, ndiyo vijiko vitatu na nusu vya chakula vilivyosawazishwa. Koroga kwanza na maji ya baridi nusu kikombe yasipate madonge, mimina kwenye maji yanayochemka, pika dakika 20 tangu ianze kutokota, ongeza maji ya moto ikikauka. Dagaa kijiko kimoja cha chai dakika kumi kabla. Epua. Karanga iliyochambuliwa na kusagwa laini, kijiko kimoja cha chakula kisichojaa. Mvuke ukipungua kama nilivyoandika #4, kimea kijiko kimoja cha chai, koroga, ukilegea rudisha ichemke. Mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha chai, hayo peke yake ni kilokalori 40.

Jumla ni kama kilokalori 230. Hatamaliza yote, miezi tisa anakula nusu ya bakuli hadi robo tatu. Hata nusu tu ni mara nne na zaidi ya uji ule wa #2. Hakuna sukari humo, karanga na kimea vina utamu wake. Mchana asipewe uji, apewe kilichopikwa nyumbani kikipondwa: viazi lishe, maharage, mchicha, kipande cha ini mara moja kwa wiki.

#35 BwanaShamba_Kati
Umetumia karanga na mahindi kwenye bakuli moja. Nilichoandika #14 umekisoma kweli?

#36 FundiLishe
Nimekisoma, ndiyo maana nimeandika "iliyochambuliwa" na nimetaja ulezi. Ukiweza kuondoa karanga, weka kijiko cha pili cha mafuta na nusu yai. Lakini kuna nyumba ambazo karanga ndiyo mafuta pekee yaliyopo, na hizo huwezi kuziambia ziache.

#37 Daktari_Mstaafu_Tosa
Na mtoto ambaye mstari umelala miezi miwili mfululizo, au amevimba miguu, au hataki kula kabisa, asisubiri bakuli la FundiLishe. Apelekwe apimwe mkono kwa utepe, damu, mkojo, na kifua kikuu kama kuna mtu mzima anakohoa nyumbani. Wapo wanaobadilishiwa unga mara nne kumbe ni kifua kikuu.

#38 MasheMashine
Kwa walio karibu na mashine: ulezi uliooteshwa ukija na mikia haijatoka unafunga chekeche kama nywele. Pepeteni kwanza nyumbani, halafu leteni kuanzia kilo mbili. Chini ya hapo unabaki wote ndani ya mashine.

#39 Bint_Ukerewe
Kilo mbili za kimea ni nyingi kwa mtoto mmoja. Si tunaweza kutwanga kwenye kinu?

#40 MasheMashine
Mnaweza, kinu na chekeche la nyumbani vinatosha. Au ungeni majirani watatu wanne mlete pamoja, mgawane hapohapo kwa kikombe.